Mashati ya baba, khanga za mama: fundi wa mifarishi wa Ngamiani, Tanga

Nimekaa na mfarishi huu, kifuniko cha kitanda cha viraka vya nguo kuukuu, miezi mitatu kabla ya kuandika chochote, kwa sababu kitu cha kujifunikia hakisifiwi siku kinapotoka kwa fundi. Umeshafuliwa mara nne, umepanda basi hadi Lushoto, na umepita baridi yote ya Juni na Julai kitandani kwa mama yangu. Sasa naweza kusema.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipofariki aliacha mashati tisa ya mikono mirefu, suruali mbili za kaki na suti moja ya Kaunda aliyoivaa kwenye mahafali na harusi. Mama hakutaka kuzigawa, na hakutaka zikae sandukuni ziliwe na nondo. Nikamwambia tuzifanye mfarishi, tuchanganye na khanga zake mwenyewe zilizokwisha kulainika. Akaniuliza swali moja tu: "Usije ukazipeleka kwa fundi kama yule wa mwanzo?"

Yule wa mwanzo ndiye aliyenifunza kuogopa. Miaka miwili nyuma, katika mji mwingine, nilimpa fundi nguo za utotoni za wanangu: fulana, jinzi, magauni ya kaliko, khanga mbili. Akazikata zote kwa kipimo kimoja na kuziunga bila kuuliza ipi ni ipi. Mfuo wa kwanza tu, jinzi zikawa zinazivuta khanga pembeni mwa mishono mpaka zikachanika, na fulana zikavutika zikawa kama midomo iliyolegea. Nguo alizozivaa binti yangu akijifunza kutembea ziliishia kuwa matambara ya kufutia sakafu. Hilo limeniuma hadi leo.

Kwa hiyo nilipoelekezwa kwa mama mmoja wa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, nilikwenda na mfuko lakini sikuufungua mara moja. Ni mtu mzima, ana cherehani moja ya miguu barazani na meza ya mbao iliyopauka kwa pasi. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu", kisha akanikalisha. Hakuanza na bei. Alianza kwa kusema, "Toa moja moja, uniambie ya nani."

Tulikaa saa mbili nzima. Kila shati alilishika akalinyanyua kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Pale mwanga ulipopenya kama kwenye chandarua, alichora duara kwa chaki: hapo hapakatwi. Karibu mashati yote ya baba yalikuwa yamekwisha kwapani, kwenye kola na juu ya mabega. Kisha akashika kitambaa kwa vidole gumba viwili, akakivuta polepole kwa urefu, halafu kwa upana. "Mtande bado una nguvu, mshindio umechoka," alisema kuhusu shati moja la mistari ya buluu, yaani nyuzi za urefu bado nzima, za upana zimelegea. Shati hilo aliliweka kando, akalitumia baadaye kwa vipande vya katikati tu, mahali ambapo hakuna mkono unaovuta mfarishi usiku.

Ilipofika suti ya Kaunda, alichomoa uzi mmoja kwenye pindo akauwasha kwa kiberiti. Uzi haukuacha jivu. Uliyeyuka, ukajikunja, ukawa kishanga kidogo cheusi kigumu kama mbegu ya papai. Akachukua uzi wa shati jeupe, akauchoma: ukaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi lililopeperuka. "Hii ya pili ni pamba. Hiyo ya kwanza ni ya kiwandani, nzito, hainywi jasho wala haikai pamoja na khanga. Nikiiunga itaila khanga." Neno lile lile lililonipata mimi kwa yule mwingine, yeye alilisema kabla mkasi haujashikwa.

Nilisikitika, kwa kuwa suti ile ndiyo picha ya baba niliyonayo kichwani. Aliona uso wangu. Akaniambia tutachukua mfuko wake wa kifuani tu, ule wenye doa la wino, na atautia juu ya kiraka cha pamba kama mfuko, usibebe uzito wowote. Sijawahi kukutana na fundi aliyekataa kazi kubwa kisha akatafuta njia ya kuniachia kidogo nilichokitaka.

Tulibishana mahali pamoja. Mashati mawili ya baba yalikuwa yamepauka sana upande wa nje, lakini ndani rangi ilikuwa bado mbichi. Fundi alitaka kukigeuza kitambaa, cha ndani kiwe nje, kama wafanyavyo mafundi wengi, na ni ujuzi mzuri kwa nguo ya kuvaa. Mimi nilikataa. Binti yangu alikuwa amenionyesha kwenye simu picha ya mfarishi wa Missouri Pettway, mwanamke wa kijiji cha Gee's Bend huko Alabama, Marekani. Mumewe alipofariki, alichukua nguo zake za kazi, mwaka 1942, akaziunga mfarishi ili amkumbuke na kujifunika. Kwenye picha unaona miguu ya suruali iliyopauka na madoa yake, na hakuna kilichofichwa. Nilimpa fundi simu. Aliikuza picha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema, "Basi tuache jua la baba yako lionekane." Viraka vile vilivyopauka ndivyo mama anavyovigusa zaidi.

Vipimo vyake: kila kiraka alikikata inchi sita na nusu kila upande, robo inchi ikiingia kwenye mshono, kikabaki cha inchi sita kamili. Safu kumi kwa kumi na mbili, yaani nafasi 120, zikatoa futi tano kwa sita. Hapa kosa ni langu. Nilipima godoro badala ya kupima kitanda, kwa hiyo mfarishi unafunika juu lakini haushuki ubavuni. Anayekwenda kwake aongeze safu mbili kila upande, na ahesabu nguo zake mapema. Shati lililochakaa lilitupa viraka vinane hivi vizuri, hata kama ukiliangalia unadhani litatoa ishirini.

Kuhusu khanga lazima niseme kwa kirefu, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Khanga ina pindo, ule ukingo unaoizunguka, ina mji, ile sehemu ya katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa. Ukiikata miraba bila kufikiri, jina linapasuka: kiraka kimoja kinasema "subira ya", kingine kinasema "vuta heri" kichwa chini. Fundi huyu aliyakata majina kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kila jina likabaki ukanda mzima wenye urefu wa viraka vitatu. "Nani kama mama" ameliweka upande wa kichwani, "Subira yavuta heri" upande wa miguuni, yote mawili yakisomeka kwa mtu aliyesimama mlangoni. Mapindo aliyaweka akiba, akayatumia kuzungushia ukingo wote. Kwa hiyo mfarishi wenyewe una pindo kama khanga. Sikumwagiza hivyo, na mama alilitambua kabla hajaukunjua wote.

Katikati sikutaka sponji, na yeye akakataa sufi kwa sababu ukiifua inakusanyika madonge upande mmoja. Tulitumia blanketi jembamba la mama lililokwisha manyoya. Chini ni shuka lake la pamba. Tabaka tatu alizipiga bandi, yaani alizishikiza kwa muda, kwa uzi mweupe wa mishono mirefu, halafu akaushona mfarishi wote kwa mkono, mistari ikipita umbali wa kama vidole vitatu. Nimehesabu mishono kwenye kiraka kimoja: inakaribia minne kwa kila inchi, iliyonyooka, na ukigeuza upande wa shuka unaiona ile ile. Cherehani aliitumia kwenye kuunga viraka tu.

Sasa malalamiko, nayo yapo. Aliahidi wiki mbili, zikawa tano. Nilikwenda mara tatu nikakuta mfarishi umekunjwa chini ya meza huku akishona sare za shule. Angeniambia mapema kwamba Januari ni msimu wa sare ningepanga vingine. Kwa mtu anayetoka mbali, nauli za bure zinauma, na simu moja ingetosha.

La pili ni zito zaidi. Khanga moja, nyekundu, ilikuwa bado ngeni kuliko nyingine. Tulipoufua mara ya kwanza ilichuja, viraka vinne vya shati jeupe vya jirani vikawa vya waridi. Khanga nyingine zote alikuwa amezijaribu mbele yangu: analowesha kona, anaweka kitambaa cheupe juu, anapiga pasi, anaangalia kama rangi imehama. Hiyo moja ilimpita. Niliurudisha nikiwa nimejiandaa kugombana. Hakujitetea. Alitoa wembe, akafungua mishono ya viraka vile vinne, akatia vingine kutoka mabaki ya shati lile lile aliyokuwa ameyatunza kwenye mfuko wenye alama yangu, na hakudai hata senti. Ile nyekundu aliiloweka na kuisuuza hapo hapo, maji matano, mpaka yakatoka meupe. Nampunguzia nyota moja kwa kuchelewa, na kwa kuchuja simpunguzii, kwa namna alivyolimaliza.

Bei: ufundi shilingi 95,000. Uzi nilinunua mwenyewe dukani, uzi wa pamba, kwa kuwa alinionya kwamba uzi mkali wa sintetiki hukata kitambaa kilichochoka. Wapo watakaosema kwa fedha hizo unapata blanketi jipya dukani na chenji inabaki. Ni kweli. Lakini anayetafuta blanketi asije huku. Ile ni kazi ya mkono ya wiki kadhaa juu ya nguo ambazo zikiharibika hakuna duka litakalokuuzia nyingine, na mimi naona anatoza kidogo. Nilimwambia hivyo.

Mfarishi niliupeleka mwenyewe mwezi wa tano. Kutoka Mombo basi linapanda kona baada ya kona, na ukifika Soni tayari unatafuta sweta. Mama aliutandaza kitandani, akavaa miwani, akaanza kuusoma kuanzia kichwani. Shati la mistari ya buluu alisema lilinunuliwa Korogwe. La vidoti hakulikumbuka, ikabidi apige simu kwa shangazi. Alipofika kwenye mfuko wa suti ya Kaunda aliingiza vidole viwili ndani, akavitoa, akaendelea na kiraka kinachofuata. Alfajiri nilimkuta amelala nao peke yake, lile blanketi zito nililomnunulia mwaka jana likiwa limekunjwa kitini.

Ukiamua kwenda, peleka nguo zikiwa zimefuliwa, na usizikate wala kutoa vifungo nyumbani. Anataka kuona nguo nzima ilivyochakaa ndipo ajue pa kukata. Fulana anazipokea, ila lazima azigandishe kwa pasi kile kitambaa cha gundi cha kwenye kola kwa upande wa nyuma ili zisivutike, na hiyo ni gharama ya ziada. Jinzi anazishona na jinzi wenzake tu. Mwambie wazi nguo ipi ikiharibika utalia, ataiandika kwenye daftari. Ameniomba nisitangaze namba yake ya simu, kwa hiyo fika Ngamiani uulizie mama wa viraka, watoto wa mtaa watakupeleka. Usiende Desemba wala Januari kwa sababu ya sare, na mwezi mmoja kabla ya Idi hapokei kazi ya mfarishi kabisa.