Geuza upande wa B kwanza: santuri za mitumba Kenyatta Market

Real Vinyl Guru ni kibanda cha santuri ndani ya Kenyatta Market, Nairobi, soko linalojulikana zaidi kwa nyama choma na wasusi. Kimeuza sahani za mitumba tangu 1989, na kwa anayetafuta muziki wa Afrika Mashariki uliotengenezwa Nairobi, hapa ndipo pa kuanzia. Mzigo mpya ukiingia, LP (sahani kubwa za nyimbo nyingi) za Jim Reeves na Don Williams huwa nyingi, maana Wakenya waliupenda sana muziki wa country. Zipitie haraka. Mali yenyewe iko kwenye sahani ndogo za inchi 7, zinazoitwa 45 kwa kuwa huzunguka mara 45 kwa dakika.

Angalia lebo: Polydor, AIT, Saba Saba, na kwa taarab ya Mombasa, Mzuri. Usishangae kukuta bendi za Tanzania kwenye lebo za Nairobi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha sahani, kwa hiyo kilichorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kililetwa Kenya kutengenezwa. Ukibahatika kukuta LP za Mbaraka Mwinshehe ambazo Polydor ilizitoa baada ya kifo chake mwaka 1979, na nambari inaanza na POLP, chukua hata kama jalada limechanika. Jalada utashona kwa gundi, sahani haishonwi.

Sasa ukaguzi. Kwenye 45 za dansi, wimbo mmoja uligawanywa pande mbili: A ina maneno mengi, B ina sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea. Kwenye baa watu walitaka sebene, kwa hiyo mara nyingi B ndiyo iliyolika. Sahani inayong'aa upande mmoja na kuwa ya kijivu upande wa pili ni jambo la kawaida kabisa, ndiyo maana unaanza na B. Iinamishe chini ya taa. Mkwaruzo ambao kucha haiuhisi hausumbui sana. Unaokwamisha kucha utalia kila mzunguko, mara 45 kwa dakika. Ukijivu uliotanda mifereji yote ni mbaya kuliko mkwaruzo mmoja, kwani ni sindano nzito au iliyokwisha imekula kuta za mfereji, na hakuna kuosha kutakakorudisha sauti hiyo.

Omba upigiwe, na usiridhike na mwanzo wa wimbo. Sikiliza nusu dakika ya mwisho ya B. Karibu na lebo mfereji hupita polepole zaidi chini ya sindano, na ulikaji hujitokeza huko kwanza: gita la solo linakwaruza, tarumbeta zinapasuka. Kama hapo pako safi, huenda upande huo wote haujalika. Kisha ichungulie kwa ubavu. Wimbi pana sindano hulivumilia, lakini ukingo uliokunjwa na joto la bati unarusha sindano, na kuunyoosha kwa pasi au maji moto ni kuimaliza sahani.

Madoa meupe ya ukungu, hasa kwenye sahani zilizokaa Pwani, yasikutishe. Tumia maji ya betri (yale yasiyo na asidi, si asidi yenyewe), lita moja kwa matone mawili ya sabuni ya vyombo. Pangusa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, simamisha ikauke, na lebo isilowe. Sahani nzito za zamani za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) zisiguswe na spiriti kamwe, kwa sababu shelaki, utomvu zilizotengenezwa nao, huyeyuka. Nazo zinahitaji sindano yao pana. Ya LP inazama hadi chini ya mfereji na kuokota kelele tu.

Kwa CD, matoleo ya taarab ya GlobeStyle ya Uingereza na mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa yanastahili kutafutwa. Geuza CD: iliyotoka kiwandani ni ya fedha, iliyonakiliwa nyumbani huelekea kijani, buluu au zambarau. Mkwaruzo wa juu, kwenye maandishi, ni hatari kuliko wa chini, kwa kuwa alumini iko chini tu ya ile rangi. Iinue kwenye taa. Vitobo vinavyopitisha mwanga maana yake data imekwenda.

Ukishawishika kununua na mashine ya kupigia santuri, popote unapoinunua, soma kibandiko cha nyuma. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120 na hezi (Hz) 60. Transfoma itashusha volti zetu 240, lakini hezi zitabaki 50, na mota inayofuata hezi itazunguka pungufu kwa moja ya sita: mizunguko 33 ya LP kwa dakika inakuwa kama 28, sauti inakuwa nzito na wimbo unaburuta. Chagua ya mota ya DC au iliyoandikwa 50 Hz, na upime uzito ambao mkono unaikandamizia sindano: gramu 1.5 hadi 2.5 kwa vichwa vingi vya sumaku. Mashine za mkoba zinazokandamiza gramu 5 zisipewe 45 ya Polydor iliyofika hapa ikiwa nzima.