Kugeuza kaseti za ZX Spectrum kwa tapeconv: uzoefu wangu

Michezo ya ZX Spectrum, ile kompyuta ya Sinclair ya mwaka 1982 yenye vibonye vya mpira, iliuzwa kwenye kaseti za kawaida kama za muziki. Siku hizi kaseti hizo tunazo kama faili, ila kila mahali panataka fomati yake. Emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani) ya kwenye simu yangu inakubali fomati ya TAP tu, michezo yangu mingi iko katika TZX, na Spectrum yenyewe haijui faili ni nini. Inataka kusikia sauti.

Natumia fuse-emulator-utils, programu za bure zinazoandamana na emuleta ya Fuse. Hakuna dirisha wala kitufe cha kubofya, ni amri tupu za kuandika. Ya kugeuza fomati ni tapeconv:

tapeconv mchezo.tap mchezo.tzx

Herufi za mwisho za jina ndizo zinazoiambia itoe fomati gani. Kufumba na kufumbua imemaliza.

Kutoka TAP kwenda TZX ni mteremko. TAP ni fomati nyepesi mno: baiti 2 za urefu wa kipande, halafu data, basi. Kazi iko kwenye kurudi. TZX inaweza kubeba hadi urefu wa kila pigo la sauti, kwa sababu kampuni nyingi ziliacha upakiaji wa kawaida wa ROM (programu ya kudumu iliyomo ndani ya Spectrum) zikabuni wao, wenye kasi zaidi na mgumu kunakili. Geuza mchezo wa aina hiyo kuwa TAP uone: hauwaki. Usiilaumu tapeconv, TAP haina pa kuyaweka mapigo hayo. Ndiyo maana huanza na tzxlist, inayoorodhesha vipande vyote. Vikiwa vyote 0x10, yaani vya upakiaji wa kawaida, nageuza bila wasiwasi. Nikiona 0x11 au 0x14, aina zisizo za kawaida, naiacha TZX yangu kama ilivyo.

Ninayoipenda kuliko zote ni tape2wav. Inatoa WAV, faili ya sauti, nami naicheza kwenye simu, waya ukiingia tundu la EAR, ambako Spectrum hupokea sauti. Sauti iwe juu, karibu mwisho, na simu iwe haipokei chochote. Ujumbe mmoja ukilia katikati, Spectrum inakuandikia "R Tape loading error" na unaanza upya, wakati mchezo wa 48K unakula kama dakika 5. Mambo yakienda sawa, pembeni mwa skrini inapita mistari ya nyekundu na samawati, kisha data ikiingia inakuwa ya buluu na njano. Nakiri huwa nakaa kuitazama tu.

Kwa mwenye kaseti halisi ipo audio2tape, inayogeuza sauti iliyorekodiwa kuwa faili. Hapo matokeo yanategemea utepe wenyewe: safisha kwanza kichwa cha redio kaseti kwa spiriti, na rekodi kwa WAV, si MP3.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Asiyezoea terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, atahangaika kidogo mwanzoni.