Matcha kwa Anayeanza: Makopo Mawili, Bakuli na Mchapo wa Mwanzi

Assalamu alaikum, watazamaji wangu, na karibuni tena mezani kwangu hapa Mombasa. Leo nimeweka mbele yenu makopo mawili ya matcha, yaani unga wa chai ya kijani kutoka Japani, pamoja na bakuli, kijiko cha mwanzi na mchapo wa mwanzi wa kuupigia unga ndani ya maji, ambao Wajapani huuita chasen. Nimevitumia vyote kila asubuhi kwa muda wa wiki sita, na nataka kuwaeleza waziwazi ni kipi kinachostahili fedha zenu na ni kipi mnachoweza kukiacha dukani, kwa sababu wengi walioniandikia wanasema waliinywa matcha mara moja tu, ikawashinda kwa uchungu, wakalifungia kopo kabatini.

Bakuli langu la kwanza nalo lilikuwa chungu, na sasa najua kwamba kosa halikuwa la chai bali la maji. Sisi tuliolelewa kwa chai ya maziwa tumezoea kuyatia majani sufuriani pamoja na maziwa, sukari na tangawizi, tukayaacha yachemke mpaka yapande, na majani meusi ya Kericho au Limuru yanahitaji moto huo ndipo yatoe rangi na nguvu yake. Matcha hutoka katika mmea uleule wa chai, lakini imetunzwa kwa namna nyingine kabisa. Mashamba hufunikwa kwa takribani wiki 3 au 4 kabla ya kuchumwa ili jua lisiyafikie majani. Kwa kukaa kivulini, majani huongeza ukijani na kuhifadhi theanini, kiini kilichomo ndani ya majani ya chai, ambayo ndiyo inayoipa chai hii utamu wake wa pekee, na ambayo jua lingeigeuza kuwa vitu vyenye ukakasi. Baada ya kuchumwa, majani hupitishwa kwenye mvuke, hukaushwa, huondolewa vikonyo na mishipa, kisha husagwa polepole sana kwa mawe. Jiwe moja hutoa gramu 30 hadi 40 tu kwa saa nzima. Mkishalijua hilo, bei ya kopo haiwashangazi tena, na mnaelewa pia kwa nini ni hasara kuumwagia unga kama huu maji yanayotokota.

Tazameni sasa karatasi hii nyeupe. Upande wa kushoto nimeweka unga wa kopo dogo la gramu 30, lililoandikwa kwamba majani yake yametoka Uji, karibu na Kyoto, na kwamba ni ya mchumo wa kwanza wa majira ya kuchipua. Upande wa kulia ni unga wa kopo kubwa la gramu 100, ambalo kwa gramu lilinigharimu chini ya nusu ya lile dogo. Huu wa kushoto ni kijani kinachong'aa kama jani changa la mgomba, na nikiupaka kwa kidole unaacha mstari mrefu, laini kama wanja. Huu wa kulia umefifia, unaelekea manjano, na mstari wake unakatika njiani kwa sababu chembe zake ni kubwa zaidi. Makopo yote mawili yameandikwa kwamba ni ya daraja la sherehe, yaani unga bora wa kunywewa kwa maji peke yake, na hapo ndipo ninapowaomba muwe waangalifu: maneno hayo ni ya wauzaji, wala hakuna sheria nchini Japani inayoyapima. Angalieni rangi, mahali majani yalipotoka, mchumo wake, na orodha ya viungo, ambayo inapaswa kuwa na kitu kimoja tu. Mwaka jana niliuziwa mtandaoni pakiti nzuri kwa nje, na nilipoisoma nyuma kwa maandishi madogo nikakuta sukari imetangulia, maziwa ya unga yakafuata, na chai ikawa ya mwisho.

Tutayarishe bakuli moja pamoja. Kwanza nauloweka mchapo katika maji ya uvuguvugu kwa dakika moja hivi, ili nyuzi zake za mwanzi zilainike zisije zikakatika. Kisha nachekecha gramu 2 za unga, yaani kijiko kidogo cha chai kisichojaa sana, kwa chujio hilihili la chai tulilo nalo jikoni. Tafadhali msiiruke hatua hii, hasa ninyi mnaoishi pwani, kwa kuwa unyevu wa hewa yetu huufanya unga ushikamane, na madonge yakishalowa hakuna mchapo utakaoyavunja. Yatabaki chini ya bakuli, na mtayakuta kinywani mwishoni.

Maji nayataka yawe na joto la nyuzi 75 hadi 80. Asiye na kipimajoto asijali: maji yaliyochemka nayamimina kutoka birikani hadi kikombeni, kutoka kikombeni hadi kikombe cha pili, kisha ndipo yaingie bakulini, kwa sababu kila mmimino huyapoza kwa takribani nyuzi 10. Anayetumia maji ya chupa ya chai afanye hivyohivyo, kwani chupa nzuri huweza kuyaweka moto sana kwa saa kadhaa. Mililita 70 zinatosha, yaani karibu kikombe kimoja cha kahawa. Sasa nashika mchapo kwa vidole bila kuukaza, na ninaupeleka mbele na nyuma kwa haraka, kama ninayeandika herufi M, huku kifundo cha mkono ndicho kinachocheza na bega likitulia. Siuzungushi kama anayekoroga uji, wala siukandamizi chini. Sikilizeni sauti yake: mwanzoni ni ya maji matupu, na baada ya sekunde 15 au 20 inakuwa nzito na kufifia. Povu limekuja, jepesi na la viputo vidogo, nami nauinua mchapo taratibu katikati.

Kabla ya kunywa, nakula tende moja. Wajapani hutanguliza kitu kitamu kabla ya bakuli, na kwetu jambo hili si geni hata kidogo, kwani anayeinywa kahawa tungu barazani kwa tende au kipande cha halua anajua vizuri jinsi utamu unavyoupokea uchungu. Katika kopo dogo, ninachokipata kwanza ni harufu ya nyasi mbichi, halafu ladha nzito inayokumbusha mwani na mchuzi mzuri, kisha uchungu mdogo unaopita, ukiacha utamu nyuma ya ulimi. Katika kopo kubwa, ukakasi unatangulia na unakaa. Kwa kunywa na maji peke yake, sitakununulia wewe wala mgeni wangu kopo kubwa. Lakini nikichekecha gramu 3 zake, nikazipiga kwa maji machache na kuongeza maziwa moto nusu ya kikombe, ukali wake unasimama imara ndani ya maziwa, ilhali unga wa Uji humezwa humo na fedha kupotea bure.

Kuhusu vyombo, bakuli lolote pana lenye kitako bapa linatosha, na kijiko cha mwanzi ni kizuri kwa macho lakini si cha lazima. Mchapo ndio ninaowasihi msiubanie fedha. Huchongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi, na huu wangu una nyuzi karibu 80. Nilijaribu uma, nikajaribu kutikisa katika chupa yenye kifuniko, na ingawa chupa ilifaa kwa matcha baridi ya mchana, hakuna kilicholeta povu laini namna hii.

Kopo la gramu 30 hutoa bakuli 15, kwa hiyo lihifadhini. Kabla halijafunguliwa, liwekeni kwenye friji, na siku ya kulifungua liacheni nje saa kadhaa likiwa limefungwa mpaka ubaridi wake uishe, la sivyo litatoa jasho ndani na unga utaganda. Baada ya hapo nalifunga kwa nguvu na kulimaliza ndani ya mwezi mmoja. Kumbukeni pia kwamba hapa mnalinywa jani lote, si maji yake tu, na bakuli moja lina kafeini ya takribani miligramu 60; mimi siinywi baada ya alasiri. Mwenye upungufu wa damu aitenganishe na mlo, kwa kuwa chai hupunguza uwezo wa mwili kupokea madini ya chuma, na mjamzito au anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari wake kwanza.

Nimelinunua kopo dogo kwa mara ya pili, na kubwa nitalimaliza kwa maziwa. Mchapo nausuuza sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, kisha nausimamisha dirishani penye upepo, kwa sababu mchapo wangu wa kwanza niliurudisha kwenye kasha lake ukiwa na unyevu, na ndani ya siku nne ulikuwa umeota ukungu.