Gavana wa Kenya asiye na wingi katika bunge la kaunti: aelewane au apambane?

Chukua kaunti kama Nakuru, yenye wadi 55, chama cha gavana kikikosa nusu ya viti.

Akichagua maelewano, kazi ianze kabla ya Februari 28, siku ya mwisho ya kuwasilisha mkakati wa fedha bungeni. Aketi na kamati ya bajeti, wakubaliane mradi kwa mradi, kisha makubaliano yaonekane kwenye makadirio ya Aprili 30. Ahadi ya mdomo haifiki Juni, bajeti inapopitishwa. Kasoro yake ni hii: kila mwakilishi wadi akidai kipande chake, ile asilimia 30 ya bajeti ambayo sheria inataka angalau iende kwa maendeleo inakatwakatwa, na unabaki na kalavati huku, choo cha soko kule, barabara ya kuunganisha wadi nne ikikosa mwenyewe. Ubaya zaidi, kamati ya hesabu, inayokagua matumizi ya pesa za kaunti, ikinyamazishwa kwa miradi, hakuna wa kuuliza risiti.

Mapambano, kwa upande wake, ni hesabu ya kura. Gavana ana siku 14 kutia saini mswada au kuurudisha. Bunge laweza kumpiku kwa thuluthi mbili. Kumtimua pia ni thuluthi mbili ya wanachama wote, si ya waliohudhuria. Hapo jirani, Kericho, Oktoba 2024, hoja ya kumtimua gavana ilipata kura 31 kati ya 47 katika bunge la kaunti, ikaangukia mbele ya Seneti: thuluthi mbili ya 47 ni 31.33, kwa hiyo zilihitajika 32.

Mimi ningeelewana kuhusu bajeti, na kamati ya hesabu niwaachie wapinzani.