Vidonge vya mitokondria vya laki na nusu: kopo lina kitu, ile skani ndo uongo

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili nimezipa vidonge tu, duka lenyewe halijapata hata moja.

Watu wengi hapa Kampala mnaniuliza kuhusu hivi vidonge vya "kuamsha mitokondria" (zile sehemu ndogo ndani ya seli zinazotengeneza nguvu ya mwili) vinavyouzwa na watu wa netiweki, wale wa kuuza bidhaa huku wakiingizana kwenye biashara, basi mimi nimekula kopo zima likaisha, wacha niseme. Duka silitaji, liko ghorofani kwenye jengo moja la maduka karibu na Old Taxi Park, unapita wauza laini na kava za simu unapanda ngazi unakuta vijana wamevaa makoti meupe, nikauliza daktari ni nani kati yenu wakacheka tu.

Kabla ya kuuziwa lazima upimwe. Unashikishwa kachuma kana waya unaoingia kwenye laptop, unaambiwa tulia mama usitikisike, kidogo tu printa inatema makaratasi ya rangi, ini, figo, kongosho, na chini kabisa eti mitokondria asilimia 41. Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni naye 41, na alikuwa amenizidi miaka kama ishirini hivi. Nikamwambia kijana nipime tena, safari hii nikakishika kile chuma na leso katikati, nikapanda mpaka 63, banange, leso imeniponya! Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachopima mitokondria jamani. Madaktari wakishuku ugonjwa wa mitokondria wanapima vinasaba, wanaangalia asidi ya laktiki kwenye damu, mara nyingine wanakata kipande kidogo cha msuli waende nacho maabara.

Halafu akaniuliza nani kwetu ana presha, nikasema mzee wangu, akajibu haraka haraka ndo hapo umerithi mitokondria dhaifu za baba. Hapo nilijua huyu kafundishwa semina ya siku moja. Mitokondria zina DNA yao wenyewe, jeni 37 tu, na hiyo DNA binadamu anaipata kwa mama yake. Baba anahusika kwa njia nyingine, kwa sababu protini nyingi za mitokondria zinatengenezwa kwa maelekezo ya jeni zilizo kwenye kiini cha seli, ila hiyo si ndo habari aliyokuwa ananiuzia.

Sasa vidonge vyenyewe. Ndani ni koenzaimu Q10, tuite Q10 tu, na ni kitu cha kweli kabisa. Iligunduliwa 1957 Marekani na Frederick Crane, aliitoa kwenye mitokondria za moyo wa ng'ombe. Kazi yake ni kubeba elektroni kwenye utando wa ndani wa mitokondria, elektroni zikipita, chembe za hidrojeni zinasukumwa upande mmoja wa utando, halafu zinarudi kwa kasi kupitia protini fulani ambayo kweli inazunguka, kama maji ya Nile yanavyozungusha tabo za umeme pale Jinja, na hapo ndo inatengenezwa ATP, ile nguvu ambayo misuli na ubongo wanaitumia. Aliyeeleza hiyo njia, Peter Mitchell wa Uingereza, alipewa Nobeli 1978.

Lakini mwili unajitengenezea Q10 wenyewe, na nyingine unaipata kwenye nyama, ini, samaki, hata karanga. Kijana alinionyesha kwenye simu utafiti wa wagonjwa wa moyo, na upo kweli, ulitoka 2014, wagonjwa 420 ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu vizuri, na waliopewa Q10 walikufa wachache kuliko waliopewa kidonge tupu. Ambacho hakusema ni kwamba wale walikuwa wanakula miligramu 300 kila siku kwa miaka miwili juu ya dawa zao za hospitali. Kopo langu, ukigeuza ukasoma yale maandishi madogo, ni miligramu 30. Yaani ule vidonge kumi kwa siku, kopo la laki na nusu linaisha kabla ya wiki!

Na hizo hadithi zao za "sumu zinazoua mitokondria", mbona hawataji tulizoziona wenyewe? Sayanidi ya muhogo mchungu inafunga kabisa ile njia ya elektroni, Kasese 2017 watu 98 waliugua baada ya kula unga wa muhogo msibani na wawili wakafa. Au ile ARV ya zamani d4T, waliokula wanakumbuka miguu kuwaka moto na mashavu kuisha, ilikuwa inazuia mitokondria kunakili DNA yake, mpaka WHO mwaka 2009 ikasema nchi ziiache polepole. Wao sumu yao ni soda na "mawazo mabaya".

Nilisikia nguvu? Wiki ya kwanza ndiyo, mtu akishatoa laki na nusu lazima asikie nguvu. Baadaye kawaida tu. Dada yangu naye alikuwa anachoka hivyo hivyo, yeye alienda kliniki ya kawaida wakampima malaria, sukari na damu, damu ikakutwa iko chini, akapewa vidonge vya madini ya chuma kwa pesa ambayo haifiki hata nauli yangu ya boda kwenda pale dukani. Na kama kweli unataka mitokondria ziongezeke kwenye misuli, mazoezi ndo yanaongeza, hiyo imejulikana tangu 1967 panya walipokimbizwa maabara. Mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei zake kazijaza kwenye milima ya Kapchorwa.

Nani anunue? Labda anayekula dawa za kolesteroli za aina ya statini na misuli inamuuma, maana hizo zinapunguza Q10 mwilini, ingawa hata hapo tafiti hazijakubaliana, ongea na daktari kwanza. Anayetumia warfarini asiguse bila kuuliza, inaweza kupunguza nguvu ya dawa. Ukinunua kula pamoja na chakula chenye mafuta, mimi nilikuwa nameza na binyebwa, ule mchuzi wa karanga, bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Na muulize bei kabla hujashika kile chuma, kwa sababu skani wanasema ni bure halafu ukitaka kuondoka bila kununua yale makaratasi yanakuwa elfu kumi.