Galaxy A55: Kabla hujalipa, iweke sikioni

Swali limekuwa lilelile kwa muda sasa: "Dada, Galaxy A55 ninunue au niache?" Na anayeuliza huwa ameshasoma kila kitu. Anajua kioo cha simu hii ya Samsung ni inchi 6.6, betri ni mAh 5,000, fremu ni ya chuma, na ikidondokea kwenye maji itatoka salama kwa sababu ina IP67. Kamera ndiyo usiseme, ameshalinganisha picha hadi macho yamemuuma. Hayo sitayarudia. Mimi nina swali langu moja: umeshaongea nayo sikioni?

Malalamiko yanayonifikia kuhusu simu za daraja la kati, za kampuni mbalimbali, mengi hayahusu picha. Yanahusu shavu. Mtu yuko katikati ya maongezi, kioo kinawaka kikiwa kimelalia shavu, na shavu linaanza kazi: linazima maikrofoni, linavuta menyu ya juu, linawasha tochi. Wa upande wa pili anaita "haloo, haloo" na wewe unalaumu mtandao. Au umeambiwa "bonyeza moja", unashusha simu, kioo cheusi tii na hakitaki kurudi. Kwenye WhatsApp ndiyo aibu kabisa. Umeinua simu usikilize ujumbe wa sauti wa siri, yenyewe haijatambua kwamba imefika sikioni, na siri ya mwenzio inamwagwa kwa spika kubwa, abiria wote wanageuka.

Kazi ya kuzuia vituko hivi ni ya kihisi cha ukaribu. Kile halisi ni kidude kidogo kilichofichwa sehemu ya juu ya simu. Kinatoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na mwanga ukigonga shavu na kurudi, kioo kinazimwa. Baadaye watengenezaji wakaanza kukiondoa. Xiaomi Mi Mix ya mwaka 2016 ilikuwa na kioo kilichojaa karibu uso mzima, kidude kikakosa pa kukaa, ikatumika teknolojia ya Elliptic Labs ya Norway: simu inatoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, kisha maikrofoni inasikiliza mwangwi wake. Simu nyingine zinakisia tu kwa kuangalia zilivyoinuliwa na zilivyoguswa. Mi Mix naielewa, nafasi haikuwepo. Lakini A55 ina ukingo wa kutosha kuzunguka kioo, na mimi sioni sababu ya kukiacha zaidi ya kubana gharama.

Samsung wenyewe hawafichi. Kwenye orodha ya vihisi vya A55 wameandika "Virtual Proximity Sensing", yaani hicho cha kukisia. Simu yenye kihisi halisi huandikwa "Proximity Sensor" basi. Sisemi kila A55 itakusumbua, wapo wanaoongea nayo kutwa bila shida. Ila kama riziki yako iko kwenye kupiga na kupokea simu, usinunue kwa kubahatisha.

Sasa mpangilio wangu. Mimi ni mtu wa Samsung, nalisema mapema ili asije mtu kunishika shati. Ya kwanza ni Galaxy S24. Kihisi ni halisi, na ilipotoka Januari 2024 iliahidiwa masasisho ya miaka 7, wakati A55, ya Machi mwaka huohuo, iliahidiwa matoleo manne ya Android na miaka mitano ya usalama. Betri yake ni mAh 4,000, ndogo, na haina sehemu ya memori kadi, kwa hiyo chukua ya GB 256 tangu mwanzo. Hapo pa bei napo ndipo pananiudhi: simu ya toleo jipya ikishatoka, hii ilipaswa kushuka, na bado wauzaji wanaing'ang'ania kama imetoka kiwandani jana.

Ya pili ni Pixel 8a ya Google. Inchi 6.1, inakaa mkononi vizuri, miaka 7 ya masasisho, kihisi halisi. Inachaji taratibu, wati 18. Sura yake haijanikaa tu.

Ya tatu ni iPhone yoyote utakayoimudu. Kidude hicho wanacho tangu ile ya kwanza ya mwaka 2007.

A55 naiweka ya nne, kwa wanaoongea kwa earphone au wanaoishi kwenye kuandika. Memori kadi inaingia, jambo ambalo S24 imekunyima. Ukiichukua, washa kinga ya mguso usiokusudiwa kwenye mipangilio.

Za bei ya chini? Nyingine zinacho, nyingine hazina. Soma orodha.

Halafu wauzaji. Simu ya maonyesho imefungwa kwa waya mfupi usiofika hata kidevuni, haina laini, na muuzaji kazi yake ni kuelekeza kamera kwenye taa na kutaja megapikseli. Ukiomba uweke laini yako upige, anakuangalia kama unataka kukimbia nayo. Chaja kampuni zimeitoa kwenye boksi, bei haikushuka. Kisha anakubandikia protekta nene "ya bure" inayofunika hadi pale juu, na hata kihisi kizuri kinapofuka. Bure ghali.

Mwambie asibandike chochote kwanza. Weka laini, piga simu ya kweli, ipeleke sikioni, ishushe, irudishe, kisha ibane kwa bega uone kioo kinafanyaje. Kwenye Galaxy nyingi ukipiga *#0*# unafunguka ukurasa wa majaribio wenye sehemu ya vihisi. Muuzaji akikataa yote hayo, mwandikishe kwenye risiti ni siku ngapi unaruhusiwa kuirudisha.