TAHADHARI: "Rupia ya dhahabu ya Mjerumani" kwa laki tatu

Wadau wa sarafu za kale, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu akiuza sarafu za dhahabu za thamani ya rupia 15 za enzi za Mjerumani, zile za tembo zilizopigwa Tabora. Hadithi yake: babu alifukua chungu pembeni ya reli, sasa mzee anaumwa, familia inaachia kwa laki tatu. Nusu itangulie kwa simu, mzigo unakuja na basi.

Rafiki yangu alituma. Mzigo ulifika kweli, na ndani mlikuwa na heller 20 ya 1916, sarafu ndogo ya Mjerumani isiyo ya dhahabu, iliyosuguliwa mpaka inawaka.

Hapo ndipo wengi wanaingia mkenge, maana heller 20 nayo ilipigwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ina herufi T ya Tabora, na baadhi ni za shaba ya njano. Lakini ina taji na D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, koloni la Mjerumani), haina tembo, na ni pana, kama milimita 29. Ya dhahabu ni ndogo, milimita 22 hivi: tembo kainua mkonga, milima nyuma yake, na tai upande wa pili.

Ana na video ya kuonyesha sumaku haivuti sarafu yake; hiyo ni changa la macho. Dhahabu haivutwi na sumaku, shaba nayo haivutwi. Mwambie aiweke kwenye mizani ya sonara, namba zisomeke. Ya kweli ni karibu gramu 7.17, ya shaba yenye ukubwa uleule haifiki hata 5. Na ndani ya ile ya kweli mna zaidi ya gramu 5 za dhahabu tupu. Piga hesabu kwa bei ya leo, kisha jiulize nani anaachia kwa laki tatu.

Ukimbana anageuza: "Hii ni sampuli (sarafu ya majaribio), ilipigwa Berlin mwaka 1904." Rupia 15 ina mwaka mmoja tu, 1916, na zilipigwa 16,198, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sampuli za dhahabu za Ujerumani zipo, ila hizo utazikuta minadani Ulaya na karatasi zake, siyo kwenye buti la basi.

Namba anabadilisha kila wiki, kwa hiyo msimtambue kwa namba, mtambueni kwa hadithi. Ukiwa umeshatuma hela, pigia kampuni yako ya simu haraka wazuie muamala, usifute meseji, nenda polisi nazo. Kwa walioko Tanzania, namba ya tapeli tumeni kwenda 15040.